Uwanja Tuliomwagilia Maji

Mimi ndiye niliyemwagilia uwanja wa ndege maji. Sikuwa peke yangu, ndoo zilikuwa nyingi na wanawake tulikuwa wengi, lakini wazo lilikuwa langu, na aliyesimama katikati ya uwanja na kijiti mkononi akiwaelekeza wenzake hapa bado, pale bado, ni mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Msuguano nilifundishwa kidato cha kwanza, nikauchorea na mchoro wenye mishale, na mwalimu akauwekea vema nyekundu. Mwalimu huyo akisoma haya, naomba asinitafute.

Uwanja wenyewe usidhani ni wa lami na mnara. Kilikuwa kipande cha ardhi kilichofyekwa kule bondeni, ukishaiacha Galula nyuma na pikipiki ikaanza kula mchanga. Udongo wake ni mweusi, wa mbuga, ule ambao ukikauka unapasuka kama kisigino cha mkulima na ukiloa unateleza kama mlenda. Upande wa chini ulianzia karibu na mto, ukapanda polepole mpaka kwenye kituo cha afya. Ndege ndogo za madaktari zilishukia upande wa chini, zikakimbia kupanda kilima, zikasimama karibu na mlango wa kituo. Siku nyingine zote uwanja ulikuwa wa ng'ombe.

Mimi si mtu wa huko. Nimezaliwa Chapwa, nikakulia Tunduma mjini, mpakani, ambako ukichelewa kujibu unapoteza zamu. Mama yangu aliuza mitumba kwa Wazambia, na mimi nilijua kugombana kwa lugha tatu kabla sijajua kusonga ugali usio na madonge. Halafu nikaolewa na kijana wa bondeni aliyekuja kuuza mchele, mpole, mwenye meno mazuri. Nilidhani naolewa na mchele. Kumbe naolewa na jua, na mama yake.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka mpaka puani. Mdomo sungura, ndivyo wanavyouita. Sista wa kituo, mama mnene asiye na haraka ambaye ndiye aliyenizalisha, aliniambia palepale kitandani, "Usilie. Huu unashonwa." Mama mkwe naye alikuwa na maelezo yake. Alisema mimba nzima nilikuwa natukana watu, sasa kinywa changu kimemrarukia mtoto. Nikamjibu kwamba kama matusi yangekuwa yanararua midomo, ukoo wake mzima ungekunywa uji kwa mrija. Hatukusemezana mpaka mtoto alipoota jino.

Kumnyonyesha ilikuwa vita. Maziwa yalitokea puani. Nikawa nakamulia kwenye kikombe na kumnywesha kwa kijiko, tone baada ya tone, huku nimekasirika. Nilikikasirikia kijiko, nikalikasirikia jua, nikamkasirikia kila mtoto mnene aliyepita mgongoni kwa mama yake. Kisimani wanawake walimtazama binti yangu kwanza, wakashiba, ndipo wakamfunika uso kwa khanga, eti upepo usimpige. Bondeni hakuna upepo wa hivyo. Kuna joto, na kuna macho ya watu.

Madaktari wa kushona midomo walikuja kwa ndege mara moja kwa mwaka, kiangazi. Walikaa siku chache, kisha wakaruka kwenda upande wa Rukwa. Mwaka wa kwanza nilisimama uwanjani nimembeba, ana miezi michache tu. Ndege ikaja, ikashuka mpaka tukayaona magurudumu, na wakati uleule kundi la ng'ombe likakatiza ndani ya wingu la vumbi lake lenyewe. Ndege ikanguruma, ikapaa, ikazunguka, ikaenda zake. Baadaye kijiji kiligawanyika. Wengine walisema rubani aliwakimbia ng'ombe. Wengine, ambao ndio wenye ng'ombe, wakasema alikimbia vumbi, kwamba ndege ina pua na pua ikiziba haipumui. Mimi niliamini yote mawili. Hasira yangu ilikuwa inatosha kwa yote mawili.

Kwa hiyo mwaka uliofuata, mwenyekiti wa kijiji alipoitisha mkutano wa kuwapokea madaktari, mimi ndiye niliyesimama kwanza. Mwenyekiti alikuwa mwanaume mfupi mwenye koti, ambaye hakuwahi kusema neno lake mwenyewe. Yeye kila kitu alikisema kwa niaba.

"Ng'ombe atakayekanyaga uwanja siku ile," nikasema, "nitamchinja mwenyewe na ngozi yake nitaitandika nilalie."

"Mtoto wa Tunduma huyo," sauti ikatoka nyuma, kwa wafugaji. "Kisu chenyewe ataazima."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akanyanyua mkono. "Kwa niaba ya kijiji nauliza, na vumbi je?"

"Vumbi tutalimwagilia," nikasema.

Hakuna aliyebisha, na kwa nini wabishe? Kwetu mgeni hapokelewi na vumbi. Akija mkuu wa wilaya, barabara humwagiliwa. Akija askofu, humwagiliwa njia ya kanisani, na bibi harusi naye humwagiliwa mlango atakaoingilia. Ni heshima, ni kazi ya wanawake, na kila nyumba hutoa ndoo. Nani angewaza kwamba gari la mkuu wa wilaya haliji kutoka juu, tena na mwendo wote ule? Mimi ningewaza. Ndiyo maana kwetu walinilipia ada. Sikuwaza.

Tena niliongeza la kwangu. Mwenyekiti alitaka turubai, viti vya wageni na kwaya. Nikamwonyesha mahali: mwisho kabisa wa uwanja upande wa juu, katikati, ndege isimame usoni pao, mgeni asitembee mbali. Mwenyekiti akasema, kwa niaba ya kijiji, kwamba elimu ni kitu kizuri.

Siku yenyewe tulianza alfajiri. Pampu ya maji ilikuwa upande wa juu, karibu na kituo, kwa hiyo tulianzia juu tukashuka. Tulipofika kama nusu ya uwanja, shingo zilikuwa zimezama mabegani na nyimbo zimekwisha.

"Bado kule chini," nikasema.

"Mwalimu," wakaniita, maana ndilo jina walilonibandika siku ile, na halikuwa sifa. "Kule chini ndege inapita tu. Inakuja kusimama huku. Huku ndiko kwenye heshima."

"Kama kunakuuma, shika ndoo," mwingine akasema. "Kijiti hakina maji."

Nikaona wamechoka, nikawaacha. Lakini nusu tuliyoimwagilia ilipendeza. Nyeusi, laini, inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi. Mama mkwe akaja na mtoto mgongoni, akaitazama muda mrefu, akasema, "Leo umefanya kazi ya mtu mzima." Tangu aniozeshe mwanawe alikuwa hajawahi kuniambia hivyo. Nikavimba kichwa.

Ndege ikaja asubuhi ile ile. Kwaya ikaanza, vigelegele vikapigwa. Ikashuka kutoka upande wa mto, chini, chini kabisa, nikamwona rubani na miwani yake myeusi. Ikapita juu ya nusu kavu, ikapita juu ya nusu inayong'aa, ikapita juu ya turubai mpaka turubai likainuka kama sketi, ikapaa. Haikugusa ardhi. Kigelegele kimoja kilichelewa kukatika, kikabaki peke yake hewani, kisha nacho kikanyamaza.

Nilichosema wakati ule sikiandiki. Wanakwaya walikuwepo, na walinitazama kama watu waliokalia siafu.

Sista akachungulia dirishani na kuniita. Kituo kilikuwa na simu ya upepo, ile ya kubonyeza unaposema na kuachia unaposikiliza, na rubani alikuwa ndani yake anaongea.

"Kituo, nauliza. Huko kumenyesha?"

"Hapana," sista akasema. "Ni kiangazi kikavu."

"Sasa mbona nusu ya uwanja inang'aa?"

Sista akanitazama. Mimi nikatazama dari. "Ni kina mama," akasema. "Wamemwagilia. Kwa heshima yenu."

Mashine ikakoroma kidogo. "Heshima nimeipokea," rubani akasema. "Ila siwezi kuishukia. Narudi Mbeya. Alasiri nitawaita. Pakikauka, nitakuja. Pasipokauka, kesho hawa madaktari nawapeleka Rukwa kama ilivyopangwa, na kwenu itakuwa mwakani."

Mwakani. Nikamnyang'anya sista kile kidude cha kusemea.

"Wewe rubani, hiyo ndege haina breki?"

"Inazo, mama. Nzuri tu."

"Sasa unaogopa nini, maji ya ndoo?"

"Breki inakamata gurudumu, mama. Gurudumu ndilo linalokamata ardhi. Ardhi ikikataa kukamatwa, magurudumu yatasimama na mimi nitaendelea na safari. Na mwisho wa safari hiyo nimeona turubai la bluu na watu wengi wamevaa meupe."

"Hiyo ni kwaya."

"Niliiona. Sikutaka kuingia ndani yake."

Nikarudisha kidude bila kuaga.

Sasa, mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nikapata wazo la pili. Penye mashine ya kukoboa mpunga kulikuwa na vilima vya pumba, na pumba, kila mtu anajua, hunywa maji. Nikawaambia wanawake wachukue magunia tukatandaze. Magunia matatu yalikuwa tayari vichwani sista alipotoka anatembea kwa haraka, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya.

"Nimemwuliza rubani habari ya pumba," akasema. "Amesema zitapeperuka ziingie kwenye injini, na chini yake udongo utabaki mbichi. Amesema tusifanye chochote. Na amenituma nikuambie wewe hasa, yule mama wa breki. Chochote."

Basi tukakaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kubeba ndoo si kitu, mtoto anabeba. Lakini kukaa pembeni ya uwanja, jua limesimama utosini, unatazama udongo ulioulowesha mwenyewe, na mgongoni kwa bibi yake mtoto anakutazama kwa mdomo ule, hiyo haifundishwi shule. Wanawake nao hawakuniacha nipumue.

"Mwalimu, tukalete ungo tuupepete huu uwanja?"

"Tuuanike tu. Tuushike pembe nne tuugeuze."

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu yangu. "Ardhi haitishwi kwa macho," akasema. Kisha akasema tena, "Asubuhi ulikuwa mtu mzima. Saa hizi sijui."

Kufika alasiri ngozi ya juu ya udongo ilikuwa imebadilika rangi, kijivu, na huku na huku imeanza kupasuka. Nikaukanyaga, nikaona unabeba. Rubani akaita kutoka Mbeya, akasema hataki kusikia rangi yake, anataka pikipiki. Mtu apite uwanjani kwa kasi, halafu afunge breki kwa nguvu, halafu tumwambie gurudumu limefanya nini.

Pikipiki ilikuwa moja, ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Mume mwenyewe alikuwa Tunduma na mchele wake. Shemeji alikuwa amevaa shati jeupe kwa ajili ya wageni, na alilipenda lile shati kuliko ndugu zake. Akaanzia upande wa chini, akapanda kama amebeba mayai. Alipofika palipomwagiliwa maji akapunguza mwendo mapema, akagusa breki kama mtu anayempapasa paka, akasimama, akanyanyua kidole gumba.

"Pakavu," akasema. "Aje."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema, kwa niaba ya kijiji, kwamba asante Mungu. Sista akageuka kwenda kwenye simu.

Na mimi nikanyamaza. Niliona. Mtu aliyekulia barabara kuu ya Tunduma, anayeona malori yakishuka mteremko wa Mpemba kila siku, anajua kufunga breki kukoje na kuigusa breki kukoje. Nilijua shemeji hajapima kitu isipokuwa shati lake. Lakini neno lililotoka lilikuwa ndilo nililolitaka, na sista alikuwa anatembea, na kama ningeendelea kunyamaza hatua chache zaidi, ndege ingekuja. Nilinyamaza. Siwezi kusema kwamba niliwawazia wanakwaya, maana asubuhi yote walikuwa wamenichosha. Wala sikumwaza rubani. Kilichonifungua mdomo ni hesabu ya kichoyo: daktari aliyevunjika mikono hashoni mdomo wa mtu.

"Sista, subiri," nikasema. "Shemeji, breki umeifunga au umeisalimia?"

"Shemeji, mimi ndiye dereva."

"Nipakie."

"Kwa hiyo huniamini."

"Nakuamini. Silipendi shati lako. Washa."

Tukashuka mpaka mtoni, tukageuka. Nilimkumbatia kiunoni, nikamwambia sikioni kwamba asipokwenda kasi nitamng'ata, na nilimaanisha. Akaenda. Nusu kavu ilipita inatimka vumbi. Tukaingia kwenye ule udongo wa kijivu, mzuri, uliopasuka juu, nikapiga kelele, "Funga!" Akafunga.

Ile ngozi ya juu ilikuwa ngozi kweli, nyembamba kama ya maziwa. Chini yake mlenda ulikuwa bado uko palepale. Gurudumu la nyuma lilisimama, na pikipiki ikaendelea, kwanza mbele, kisha ubavu, kisha kila mmoja wetu na njia yake. Mimi nilikwenda nimekaa, miguu mbele, gauni langu jipya la kitenge limejikusanya pahali lisipotakiwa, nikapanda kilima kwa makalio nikiwa najiona kabisa, na nikaishia mbele ya viti vya wageni. Kwaya nzima ilikuwa imesimama.

"Mgeni amefika," mwanamke mmoja akasema.

Walicheka mpaka wakashikana. Shemeji alikuwa anatazama shati lake. Mimi nikainuka, nikaenda vilevile mpaka kwenye simu, nikadondosha matope katika chumba cha sista chote.

"Panateleza," nikasema.

"Umejuaje, mama?" rubani akauliza.

"Ushahidi ninao, nimeukalia."

Nikamsikia anacheka na kujizuia. "Umeumia?"

"Roho tu."

"Pole. Sasa niambie, huko chini nako kunateleza?"

"Huko chini hatukumwagilia. Watu walichoka."

"Mungu awabariki waliochoka," akasema. "Nisikilize vizuri."

Akanieleza, na safari hii nilisikiliza kama mtu anayefanya mtihani wa marudio. Atakuja na madaktari wawili tu na mzigo mdogo, ndege iwe nyepesi. Mlima utamsaidia kuipunguza kasi. Niweke vitambaa vyeupe viwili karibu na mwanzo wa uwanja, kimoja kila upande: akivipita hivyo bado yuko hewani, anapaa na kurudi Mbeya, na nisimtukane. Niweke vingine viwili pale utelezi unapoanza. Na mwisho wa uwanja usibaki hata mtu, kiti wala mbuzi.

Vitambaa vyeupe vikubwa vilikuwa vya aina moja tu kijijini. Nikaenda kwa mkubwa wa kwaya.

"Majoho manne," nikamwambia.

"Joho la kanisa likalale chini?"

"Bwana Yesu alipoingia Yerusalemu watu walitandika nguo zao barabarani. Wewe unalilia joho."

Akavua. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa mgumu. Alisimama kwenye nguzo ya turubai kama mtu anayetetea mpaka.

"Kwa niaba ya kijiji, mgeni atapokelewa wapi?"

"Akiwa mzima, popote," nikasema, nikang'oa kigingi cha kwanza. Wanawake wakang'oa vilivyobaki. Nadhani walikuwa wamenihurumia, au ni lile gauni.

Ndege ilirudi jua likiwa limeanza kulegea. Safari hii hakuna aliyeimba. Ilikuja polepole kuliko asubuhi, pua juu kidogo, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa gizani, na kabla haijafika kwenye majoho ya kwanza ikajitupa chini. Kishindo chake tulikisikia kwenye nyayo.

"Imeanguka," mama mkwe akasema.

Haikuanguka. Pua ikainama, magurudumu yakalia, na vumbi likatoka nyuma yake, vumbi jingi, lile lile tulilokuwa tunalikimbia tangu mwaka jana, na ndani ya vumbi niliona ndege inatetemeka mwili mzima kwa kuzuiwa. Ilipofika kwenye majoho ya pili ilikuwa inakwenda kama baiskeli. Pale kutetemeka kukaacha. Ikaingia kwenye utelezi bila kulazimishwa, ikayumba mkia kidogo, ikajinyoosha, ikaendelea kupanda inapunguza, inapunguza, mpaka ikasimama. Ilisimama pale pale viti vilipokuwa vimepangwa asubuhi. Mashimo ya vigingi yalikuwa chini ya bawa lake. Mwenyekiti akayatazama. Kwa mara ya kwanza hakuwa na niaba ya mtu.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa rubani. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, anafuta miwani.

"Kaka, ndiyo nini kuibwaga vile kama gunia? Humo ndani kuna daktari wa mwanangu."

"Wewe ndiye mama wa breki," akasema.

"Nijibu."

"Ukiibembeleza, inaelea," akasema. "Abiria wanafurahi, ila ikielea inakula uwanja, na uwanja wenyewe mmeninyima nusu. Ilibidi niikalishe mapema, tena kwa nguvu, uzito wote uende kwenye magurudumu. Hapo ndipo breki inapata pa kushika. Nikafunga pakavu, mpaka mwisho wa pakavu. Nilipofika kwenye majoho nikaachia."

"Ukaachia? Penye utelezi ndipo unaachia breki?"

"Wewe ulipofunga penye utelezi ulikwenda wapi?"

Gauni lilikuwa limeshamjibu. Daktari mkubwa, mama mmoja mwenye mikono midogo kama ya msichana, aliteremka, akashika kidevu cha binti yangu kabla hata sijamkaribisha. Akamgeuza uso kwenye mwanga. "Huyu kesho asubuhi, wa kwanza," akasema.

Mama mkwe ndiye aliyesema asante, na akaisema kwa ajili yetu wote wawili.

Walimshona asubuhi. Nilikaa nje kwenye benchi nikagombana na kila aliyepita, na hakuna aliyenijibu, wakanipa chai. Waliponirudishia mtoto alikuwa amevimba, ana nyuzi nyeusi chini ya pua, amenuna. Alikuwa mbaya kuliko nilivyompeleka, nikamwambia sista hivyo. Sista akasema, "Ngoja," na safari ile nilingoja, kwa kuwa nilikuwa nimeshaonja matunda ya kutongoja.

Uvimbe ukashuka. Nyuzi zikatoka. Ukabaki mstari mwembamba, na mdomo uliokutana na mwenzake. Uji ukaacha kutokea puani. Nilikuwa namtazama kila anapokula, namkazia macho mpaka mama mkwe akasema mtoto atapata kiungulia cha kutazamwa. Nilikuwa nangoja neno. Kila mama anangoja neno, na mimi nilikuwa nimeshalichagua.

Siku moja alikuwa amekaa kwenye mkeka, nami nimeshika kijiko, namhimiza uji ambao hakuutaka. Nikamwambia ale. Akageuza uso. Nikamwambia tena, kwa sauti ile ninayotumia mnadani. Akanitazama kutoka chini mpaka juu, taratibu, akaikutanisha midomo yake yote miwili, akaibana, akanisonya. Msonyo mrefu, safi, usiovuja popote.

Mama mkwe aliacha kupeta mchele. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Huyo ni wako," akasema. "Hapo hakuna wa kubisha."

Kwa mila zetu mtoto anayemsonya mama yake anachapwa. Mimi niliweka kijiko chini, nikamsogelea, nikamwomba anisonye tena.